Pwani Iliyoruka Kwanza Vitabuni

Ukitoka kisiwa cha Mombasa, ukavuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi, utaipita Kongowea na soko lake, Kisauni, Bamburi na Shanzu, kisha Mtwapa na Kilifi. Ukishauacha mji wa Malindi nyuma yako, kuna njia inayokata kuelekea baharini mpaka kijiji cha Ngomeni. Hapo, ndani ya maji, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma katika miaka ya 1960. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia roketi. Jingine, Santa Rita, lilikuwa la kuongozea shughuli. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya aina ya Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa na setilaiti ya Italia. Kuanzia siku hiyo hadi mwaka 1988, setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka bahari hii, zote salama.

Iliyopata jina kubwa zaidi ni ile ya 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru siku hiyo, na Marjorie Townsend, mhandisi wa Marekani aliyeusimamia mradi huo, akaipa setilaiti jina la Uhuru. Hakikuwahi kuwapo chombo kingine angani kabla yake kilichotengwa kwa kazi ya kupima miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilihesabu vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vya nyota iitwayo Cygnus X-1 vikawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Jina la Kiswahili limo katika kila historia ya elimu ya nyota, na lilitoka kwetu. Sijui kwa nini jambo hili halitangazwi kwenye kuta za kila shule ya pwani.

Kwa nini Ngomeni? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mahali penye mwendo mkubwa kuliko pote ni kwenye ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kutoka karibu na ikweta huanza safari na mwendo huo mkononi, bila kuulipia kwa mafuta. Tena mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hivyo vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu. Luigi Broglio, baba wa mradi huo wa Italia, alizipiga hesabu hizo vizuri.

Lakini swali la wapi pafaa kurushia chombo cha kwenda angani liliulizwa kitabuni miaka mia moja kabla ya Broglio. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya ya safari ya kutoka duniani kwenda mwezini. Wahusika wake wanabishana juu ya mahali pa kuchimba mzinga mkubwa wa kumrushia mtu, na wanakubaliana kwamba lazima pawe karibu na ikweta kiasi cha mwezi kuweza kupita utosini. Wanachagua Florida. Mwaka 1969 watu wa kwanza kutua mwezini waliondoka Florida kweli, na chombo chao kikuu kiliitwa Columbia, jina linalofanana mno na la mzinga wa Verne, Columbiad.

Watu hupenda kusimulia habari hii kama utabiri, kana kwamba Verne alikuwa mpiga ramli. Mimi naona utabiri ndio sehemu ndogo ya kisa. Mzinga wa Verne usingefaa, maana mtu aliyefyatuliwa namna ile angepondeka hapo hapo. Kilichofanya kazi ni kitabu chenyewe, kilipoingia mikononi mwa watoto. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Urusi aliyepoteza uwezo wa kusikia tangu utotoni, alikiri kwamba hamu ya safari za angani aliipata kwa Verne, kisha akaandika hesabu za roketi ambazo zinatumika mpaka leo. Hermann Oberth, mtoto wa Transylvania, alikirudia kitabu hicho mpaka akakijua kwa moyo, akaanza kutafuta kwa kalamu na karatasi kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani. Robert Goddard wa Marekani aliwashwa moyo na riwaya nyingine, ya Mwingereza H. G. Wells juu ya wavamizi kutoka sayari ya Mirihi, na mwaka 1926 akarusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya kimiminika. Kitabu, mtoto, karakana: mnyororo ni huo, na pete zake tatu zote ni za lazima.

Hata ule utaratibu wa kuhesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane mpaka sifuri, ambao mafundi wa Ngomeni waliufuata kila roketi ilipokuwa tayari, ulipata umaarufu wake kwenye filamu. Mjerumani Fritz Lang aliutumia mwaka 1929 katika filamu yake ya safari ya mwezini ili watazamaji wakae roho juu. Mshauri wake wa kisayansi alikuwa Oberth yule yule.

Verne alikuwa ameshaifikia pwani yetu kabla ya kwenda mwezini. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka Januari 1863, ni ya safari ya majuma matano kwenye puto la hidrojeni kuvuka Afrika, na safari hiyo inaanzia Zanzibar. Dakta Fergusson, rafiki yake na mtumishi wao wanaondoka tarehe 18 Aprili 1862, wanapita juu ya nchi ya Wanyamwezi, wanaona mto Nile ukitoka katika ziwa, na wanaishia Senegal. Kitabu kilipokuwa kikiuzwa Paris, habari za John Speke kuyafikia maporomoko ya Jinja mwaka uliotangulia zilikuwa bado hazijawasili Ulaya. Msomaji wa Verne aliuona mto kwenye karatasi kabla ya magazeti kuthibitisha.

Verne hakuwahi kukanyaga Unguja, na inaonekana. Katika riwaya yake watu wa mjini wanalichukia puto kwa sababu wanaabudu jua na mwezi, wanatishia fujo, na wasafiri wanalazimika kulirukisha kutoka kisiwa kidogo cha jirani. Huko Kazeh, yaani Tabora, umati unalidhani puto ni mwezi ulioshuka. Haya yaliandikwa juu ya Waislamu waliokuwa wakipima saa zao za sala kwa jua, na juu ya manahodha waliofika Maskati na Bara Hindi kwa kuzisoma nyota. Mwandishi mwenye macho makali kuhusu gesi na uzani alikuwa kipofu kuhusu watu waliosimama chini ya puto lake. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu litajirudia.

Hata hivyo, kitabu kilizaa. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith, mwandishi aliyeipenda hadithi ya Verne, alikuja Zanzibar na puto la kweli la hidrojeni lililoitwa Jambo. Alikuwa na Douglas Botting na kijana wa Kenya, Alan Root, mpiga filamu za wanyama. Waliruka kutoka Unguja wakavuka mlango wa bahari hadi bara, na baadaye wakapita juu ya kreta ya Ngorongoro. Root hakulisahau puto. Mwaka 1976 alianzisha safari za puto la hewa moto kwa watalii huko Keekorok, Maasai Mara. Leo maputo ya alfajiri juu ya Mara ni biashara yenye marubani, mafundi na wapishi wake, na ukiifuata kamba yake kurudi nyuma utafika kwenye meza ya mtu wa Paris ambaye hakuwahi kuiona Afrika Mashariki.

Mwaka 2020 maputo mengine yalipita juu ya Kenya, haya yakiwa hayana mtu ndani. Kampuni ya Loon, tawi la wenye Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kuyaelesha kama kilomita 20 juu ili yasambaze intaneti katika maeneo ya magharibi na kati ya nchi. Biashara haikulipa, na Januari 2021 ikatangazwa kwamba inafungwa. Sidai kwamba wahandisi wale walimsoma Verne. Nadai tu kwamba mtu aliyekua akijua kuwa puto linaweza kuvuka bara zima hashtuki akiambiwa libebe simu.

Sasa tuje Mombasa kwenyewe. Tarehe 9 Novemba 2004 kampuni ya Microsoft ilitoa gemu ya kompyuta iitwayo Halo 2, iliyotengenezwa na studio ya Bungie ya Marekani. Zaidi ya nakala milioni mbili ziliuzwa siku ya kwanza. Hadithi yake iko mwaka 2552, na viumbe kutoka nje wanaposhuka kuivamia dunia, mji wanaoushambulia ni Mombasa. Mchezaji anapigana katika mitaa ya Old Mombasa, anapita hoteli iitwayo Zanzibar, kisha anavuka daraja kubwa mno juu ya maji kuingia New Mombasa, jiji la majengo marefu ya vioo. Katikati yake umesimama mnara mwembamba usioonekana mwisho wake: lifti ya angani, kamba iliyofungwa ardhini na kwenda juu hadi nje ya dunia, inayopandisha mizigo bila roketi.

Mwaka 2007 gemu ya tatu ikapeleka vita Voi na kwenye barabara ya Tsavo, vipande vya lifti iliyoanguka vikiwa vimetapakaa nyikani. Mwaka 2009 ikaja nyingine, Halo 3: ODST, ambayo hadithi yake iko New Mombasa, sehemu yake ikiwa usiku. Sura zake zina majina kama Kizingo Boulevard na Kikowani Station, majina ambayo mtu wa Mombasa anayajua bila ramani.

Lifti hiyo si ndoto ya Bungie peke yao. Tsiolkovsky yule yule aliwaza mnara wa kufika angani mwaka 1895, mawazo yake yakiwa kwenye mnara wa Eiffel. Mwaka 1960 mhandisi wa Kirusi Yuri Artsutanov aliona kwamba ni rahisi zaidi kuning'iniza kamba kutoka juu kuliko kujenga mnara kutoka chini. Mwaka 1979 Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka, aliifanya riwaya. Tangu mwaka 2012 kampuni ya ujenzi ya Obayashi ya Japan imekuwa na mpango ulioandikwa wa kuijenga, kamba ya kilomita 96,000, ikilenga karibu mwaka 2050. Nyuzi za kaboni zenye nguvu ya kutosha bado hazitengenezeki kwa urefu huo. Lakini mahali panajulikana: ikweta au karibu nayo, penye bahari na bandari. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta na ina bandari ya Kilindini. Waliochora gemu walikuwa na hoja ile ile iliyompeleka Broglio Ngomeni.

Clarke ana deni jingine kwetu, au sisi kwake. Oktoba 1945 alichapisha makala katika jarida la mafundi wa redio akieleza kwamba chombo kikiwekwa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta kitazunguka sawa na dunia, kionekane kimesimama palepale, na vitatu tu vitatosha kuunganisha mawasiliano ya ulimwengu mzima. Miaka 18 baadaye jambo likawa. Tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia setilaiti ya Syncom 2, mitambo ikiwa ndani ya meli iliyotia nanga Lagos. Kenya ilipata kituo chake cha setilaiti Longonot mwaka 1970, na kwa muda wa karibu miaka 40 simu na baadaye intaneti zetu zilipanda juu na kushuka kwa njia ya Clarke, kwa gharama iliyomfanya mtu wa saiba ya Changamwe ahesabu kila dakika.

Njia hiyo ilibadilika katika mwaka ule ule wa Halo 3: ODST. Juni 2009 kebo ya baharini ya TEAMS iliwasili Mombasa ikitoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Julai 23 kebo ya SEACOM ikaanza kazi. Gemu ikatoka Septemba 22. Humo jiji zima linaendeshwa na akili unde iitwayo Superintendent: inaongoza taa za barabarani, inapanga magari ya taka, inabadilisha mabango, na hazina ya kumbukumbu zake imefichwa chini ya ardhi. Miezi miwili kabla wachezaji wa Marekani hawajashuka katika hazina hiyo ya kubuni, data ya kweli ilikuwa imeanza kupita chini ya bahari ya Mombasa. Wale wa Bungie hawakuijua ratiba ya SEACOM. Walijua tu kwamba bandari iliyokuwa mlango wa jahazi, wa reli na wa waya za telegrafu za Waingereza, haiwezi kuacha kuwa mlango.

Na gemu hizo zimezaa kitu ambacho wengi wamewahi kukishika mkononi. Katika hadithi za Halo kuna mhusika asiye na mwili, akili unde ya kike iitwayo Cortana, anayemwongoza askari sikioni. Microsoft walipotoa msaidizi wa sauti kwa simu zao mwaka 2014, na baadaye kwa kompyuta, walimwita hivyo hivyo, Cortana, na kwa Marekani wakatumia sauti ya mwigizaji yule yule, Jen Taylor. Ilidumu katika kompyuta za Windows hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Fikiria: msaidizi aliyepewa jina kutoka hadithi ambayo Mombasa inateketea ndani yake aliweza kujibu kwa Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kijapani na lugha nyingine chache. Kiswahili hakikuwemo.

Ndiyo sababu nilimwomba msomaji alishike la Verne. Mashine huchukua sura ya kile mwandishi wake alichokiona, na asichokiona hubaki nje. New Mombasa ina Kizingo, ina Kikowani, ina hoteli na daraja, lakini ni jiji la usiku lililokimbiwa na watu wake. Mwaka 2010 filamu ya Inception, inayohusu mashine za kuingia katika ndoto za watu, ilionyesha mbio kali katika vichochoro vya Mombasa, na vichochoro hivyo vilipigwa picha Tangier, Morocco. Jina letu linafaa kwa mambo yajayo. Sisi wenyewe hatujaulizwa.

Kuna mnyororo mmoja ambao pete yake ya mwisho ilikuwa mikononi mwa wasemaji wa Kiswahili, nao ndio wa kutisha kuliko yote. Mwaka 1914 Wells aliandika riwaya yenye mabomu yatumiayo nguvu ya atomu, akayapa jina hilo hilo la mabomu ya atomu wakati hakuna mwanafizikia aliyejua kama yangewezekana. Leo Szilard, mwanafizikia wa Hungaria, aliisoma mwaka 1932. Mwaka uliofuata, akivuka barabara London, likamjia wazo la mlipuko unaojizalisha wenyewe, chembe moja ikipasua nyingine. Aliogopa mara moja, kwa sababu alikuwa ameshasoma mwisho wake kwa Wells. Mradi wa Marekani wa kuunda bomu hilo ulipoanza, urani bora kuliko zote duniani ilikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini. Wachimbaji wa Kikongo waliitoa ardhini. Tarehe 6 Agosti 1945 sehemu kubwa ya urani iliyopasuka juu ya Hiroshima ilikuwa imetoka katika shimo lao. Hakuna aliyewaambia wanachimba nini wala cha nini.

Je, wenye lugha walikuwa kimya muda wote huo? Hapana, na hapa ndipo ninapowiwa na waandishi wetu kuliko Verne na Clarke wote wawili. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi yake inaelea angani. Haina injini, na mwandishi hahangaiki kueleza inashikiliwa na nini. Kinachomshughulisha ni wale wajumbe sita waliotumwa kila upande kutafuta maarifa ya kuistawisha nchi: kila aliyerudi na habari njema alitupwa gerezani, mpaka mshtakiwa aitwaye Karama alipotetea kesi yake mbele ya mfalme. Wengine husema hii si hadithi ya kisayansi. Mimi naiona kuwa swali ambalo hadithi za kisayansi za Ulaya zililiruka: maarifa mapya yakifika mlangoni, nani anawatesa wanaoyaleta?

Baada yake akaja mtu wa kaunti inayopakana na Kisauni. Katama Mkangi, mzaliwa wa Kilifi na mwalimu wa sosiolojia chuoni, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 na serikali ya wakati huo, na mwaka 1995 akatoa riwaya ya Walenisi. Dzombo, mhusika wake, anahukumiwa kifo katika kesi ya dhuluma, kisha anafungiwa katika chombo cha angani kinachokusudiwa kumpeleka kufa. Akiwa ndani anajifunza kukiendesha. Badala ya kaburi anafika sayari nyingine, kwenye jamii ambayo hakuna anayemnyonya mwenzake. Hebu pima tofauti. Kwa Verne, wanaopanda chombo ni mabwana wenye fedha za safari, na mwenyeji anaonekana chini kama umati. Kwa Mkangi, anayepanda ni mfungwa, tena chombo kimetengenezwa kwa ajili ya kumuua, na ukombozi unaanza pale anapoielewa mitambo. Aliyewahi kukaa kizuizini ndiye aliyeweza kuliona hilo. Mkangi alifariki mwaka 2004, na ningependa kumsikia mwalimu wa fizikia akiitaja Walenisi darasani pamoja na mwalimu wa Kiswahili.

Wanuri Kahiu wa Nairobi akafuata mwaka 2009 kwa filamu fupi iitwayo Pumzi. Vita vya maji vimeangamiza ardhi, watu wanaishi chini yake, na jasho na mkojo wa kila mtu vinasafishwa ili anywe tena. Mwaka huo huo, Mei 2009, wanaanga katika kituo cha kimataifa cha angani walianza kunywa maji yaliyosafishwa kutoka mkojo wao, na Windhoek, Namibia, imekuwa ikigeuza maji machafu kuwa ya kunywa tangu 1968. Kwa hivyo Kahiu hakubuni mashine. Alibuni bei yake: maji yanagawiwa kwa kipimo, na anayeyashika ndiye anayeamuru. Ni filamu ambayo mama wa Likoni anayesubiri mkokoteni wa mitungi, bomba likiwa limekauka siku kadhaa, angeielewa bila maelezo. Kaunti imekuwa ikizungumzia mitambo ya kuyatoa chumvi maji ya bahari kwa ajili ya ng'ambo zote mbili. Swali la Pumzi lapaswa kutangulia mkataba: nani atashika bomba?

Hata daraja lile la New Mombasa linasomeka tofauti ukilitazama ukiwa Likoni. Mamia ya maelfu ya watu huvuka Kilindini kwa feri kila siku. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa maji, wengi wao wakielekea kazini kisiwani. Daraja kubwa la kuvuka hapo limekuwa kwenye michoro kwa miaka, kwa msaada wa Japan. Ugonjwa wa korona ulipokuja, likawekwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka Liwatoni, likaanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2021. Mwandishi wa Likoni akiandika Mombasa ya mwaka 2552, sidhani kama ataanza na lifti ya angani. Ataanza na saa kumi na moja alfajiri, kwenye foleni, na atataka kujua kama mfumo unaoongoza jiji unawatambua walio upande huu wa maji.

Vyombo vya kumtumikia mwandishi huyo vipo zaidi ya zamani. Kisiwani, karibu na Fort Jesus, kuna Swahilipot Hub, ambapo vijana wa sanaa na vijana wa kompyuta wanakaa jengo moja, ingawa anayetoka Changamwe lazima apande matatu kufika na wa Likoni avuke. Vibanda vya PlayStation vya Kisauni na Mshomoroni vimejaa watoto wenye vidole vyepesi, ambao wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba mji wao umo katika gemu inayojulikana dunia nzima, kwa kuwa Halo ilitengenezwa kwa mashine za Xbox. Shirika la Anga la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2017, lilipata setilaiti ya Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya. Ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Ngomeni haijarusha setilaiti tangu 1988.

Na ile kasoro ya Cortana inaanza kurekebishwa kwa njia ya unyenyekevu. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye lugha ambazo simu huweza kuandika kwa kusikiliza. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za wasemaji wa kawaida wanaojitolea, sentensi moja baada ya nyingine, na mkusanyiko huo uko wazi kwa kila mtu anayetaka kufundisha mashine kusikia Kiswahili. Mzee wa Jomvu mwenye matamshi yake ya kale anaweza kuongeza sauti yake humo leo jioni. Kinachohitajika ni simu, mahali pasipo na kelele, na mjukuu wa kumwonyesha pa kubonyeza.